Songea: Mahali pa Kitanzi Palipogeuka Mahali pa Heshima

Makala yetu ya leo nimeiandaa hapa Laurel, mji mdogo wa jimbo la Maryland ulioko baina ya Washington na Baltimore.

Makala haya yametokana na swali. Msikilizaji wetu mmoja, kijana mwenye asili ya mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania, ambaye hivi sasa anaishi ughaibuni, alitaka kujua jambo ambalo huenda limewahi kuwajia wengi wenu. Anasema bibi yake hakupenda kuzungumzia mahali pale mjini Songea walipozikwa wazee walionyongwa na Wajerumani. Kila alipoulizwa alinyamaza, kana kwamba ni jambo la fedheha. Lakini leo watu huenda mahali hapo hapo kwa ngoma, kwa mavazi ya asili na kwa mashada ya maua. Sasa kijana wetu anauliza: je, mahali waliponyongwa watu ni mahali pa aibu, au ni mahali pa heshima?

Swali hili, wapenzi wasikilizaji, halijibiwi kwa neno moja. Tuanze na historia yenyewe.

Mji wa Songea umebeba jina la mtu. Songea Mbano alikuwa nduna, yaani kiongozi wa vita na mtawala wa eneo, chini ya Nkosi wa Wangoni. Wangoni waliingia katika nchi hiyo katika karne ya 19, baada ya safari ndefu iliyoanzia kusini mwa bara la Afrika. Wakajenga himaya mbili: Njelu, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa chini ya Nkosi Mputa Gama, na Mshope, iliyokuwa chini ya Nkosi Chabruma. Mwaka 1897 Wajerumani walifika wakajenga boma lao katika eneo la nduna Songea, na mji uliokua kando ya boma hilo ukaitwa kwa jina lake. Ni jambo la kustaajabisha kwamba watawala walioutia mji jina la mtu huyo ndio hao hao waliomvisha kitanzi miaka tisa baadaye.

Vita vya Majimaji havikuanzia Songea. Vilianzia pwani, katika milima ya Wamatumbi, mwezi Julai mwaka 1905, pale wananchi walipong'oa mashina ya pamba katika shamba ambalo walilazimishwa kulilima kwa ujira usiotosha hata kulipia kodi. Nyuma ya tendo hilo kulikuwa na mafundisho ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya dawa na kuwaambia kwamba risasi za Mzungu zingegeuka maji. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa mapema sana, tarehe 4 Agosti 1905, huko Mohoro. Lakini maji yake yalikuwa yamekwisha kutangulia mbele ya kifo chake. Yalipita kwa Wangindo, kwa Wapogoro, kwa Wambunga, na mwezi Septemba yakafika Ungoni.

Anayekumbukwa kwa kuyapokea maji hayo upande wa Ungoni ni mwanamke. Jina lake ni Mkomanile, nduna wa Kitanda. Yeye alimpokea mjumbe wa maji, na kutoka kwake habari zikamfikia Nkosi Chabruma. Wangoni walikuwa na sababu zao za kuitikia wito. Walikuwa wamepoteza mamlaka waliyoyazoea, wakitozwa kodi, na huko kwa Nkosi Mputa kibanda cha mahoka, yaani mahali pa kuwatambikia wahenga, kilikuwa kimechomwa moto na mmisionari. Kwa watu walioamini kwamba nchi husimama juu ya mabega ya waliotangulia, moto ule haukuunguza nyasi na miti peke yake.

(Muziki)

Wapenzi wasikilizaji, ukweli wa vita ni mzito, na ni lazima tuuseme wote. Wapiganaji wa Majimaji nao waliua. Mwezi Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini pamoja na watawa aliokuwa akisafiri nao waliuawa njiani, karibu na Liwale. Misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Isitoshe, wengi wa waliobeba bunduki upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika: askari wa kulipwa pamoja na rugaruga waliotoka katika makabila ambayo ama yalikuwa na uhasama wa zamani na waasi, ama yaliona usalama wao uko upande wa wenye nguvu. Wako pia majirani ambao waliwahi kuonja mkuki wa Wangoni kabla hata ya Mjerumani kufika, na hao hawakuona sababu ya kufa kwa ajili ya Nkosi.

Hata hivyo, mizani ya silaha haikuwa sawa hata kidogo. Tarehe 30 Agosti 1905, huko Mahenge, maelfu ya watu waliikabili ngome ya Wajerumani wakiwa na imani ya maji, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo, jeshi la Wajerumani liliishambulia kambi ya Wangoni huko Namabengo, na tangu hapo Wangoni wakaacha kupigana kwa makundi makubwa. Walijificha misituni wakapigana kwa kuvizia. Wajerumani nao wakageukia silaha nyingine ambayo haikuhitaji shabaha, nayo ni njaa. Vijiji vilichomwa, maghala yakateketezwa, mashamba yakaharibiwa, na watu wakazuiwa kupanda. Maofisa wa jeshi waliliandika jambo hilo bila kificho, kwamba njaa ndiyo itakayowalazimisha watu kusalimu amri.

Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalitaja vifo vya Waafrika 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye, wakihesabu na waliokufa kwa njaa na maradhi, wametaja idadi ya kati ya 250,000 na 300,000. Upande wa pili, Wazungu waliouawa walikuwa 15. Tofauti hiyo haina haja ya maelezo yangu.

Mwanzoni mwa mwaka 1906 viongozi wa Wangoni walikuwa wamekwisha kukamatwa mmoja baada ya mwingine, Nkosi Mputa akiwa miongoni mwao. Chabruma alivuka mpaka akaingia Msumbiji, nchi iliyokuwa chini ya Wareno, na hakurudi tena akiwa hai. Waliokamatwa walifungwa katika boma la Songea na kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi. Katika siku zao za mwisho, padri wa Kibenediktini aliwaendea gerezani na kuwapa ubatizo wale waliokubali. Wapo waliokubali, na wapo waliokataa wakachagua kwenda kuwafuata wahenga wao kwa njia waliyoijua.

Tarehe 27 Februari 1906 wakanyongwa. Miili yao ilitupwa katika kaburi moja. Hesabu inayosomwa Songea hadi leo ni mashujaa 67: sitini na sita katika kaburi la pamoja, na mmoja katika kaburi lake peke yake. Huyo mmoja ndiye nduna Songea Mbano.

Kwa nini alizikwa peke yake? Wazee wa Songea wanasimulia kwamba Wajerumani walikuwa tayari kumwachia uhai, kwa kuwa walitambua ushawishi wake na walidhani angewafaa. Yeye akakataa kubaki duniani huku wenzake wamelala kaburini, akataka anyongwe kama wao. Siku chache baada ya wale wengine, naye akanyongwa. Wazee wanaendelea kusema kwamba kabla ya kuzikwa alikatwa kichwa, na kichwa hicho kikapelekwa Ujerumani. Kwa hiyo kaburi linalotembelewa na wageni, kwa imani ya jamaa zake, ni kaburi la mwili usio na kichwa.

(Muziki)

Sasa turudi kwenye swali la kijana wetu. Baada ya vita, mahali pale pa Songea palikuwa na maana moja tu iliyokusudiwa na mtawala: hofu. Kitanzi cha hadharani hakikuwekwa kwa ajili ya anayenyongwa peke yake. Kiliwekwa kwa ajili ya wanaotazama. Kimya cha bibi yule, ambacho mjukuu wake alikidhani kuwa ni aibu, huenda kilikuwa urithi wa hofu hiyo. Watoto wa walionyongwa walijifunza mapema kwamba kulitaja jina la baba kungeweza kuleta balaa nyumbani.

Kimya hicho kilianza kuvunjika wakati wa kudai uhuru. Mwezi Desemba 1956, Mwalimu Julius Nyerere aliizungumzia Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Alieleza kwamba watu wale walisimama kwa sababu waliitikia wito wa asili wa kukataa kutawaliwa. Baada ya uhuru, mwaka 1968 na 1969, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake vijijini kuwasikiliza wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akachapisha tamthilia yake ya Kinjeketile, na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vikaijua Majimaji kupitia jukwaa lile. Na mwaka 1980, pale pale Songea, katika eneo la makaburi, yakafunguliwa makumbusho ambayo baadaye yaliwekwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania.

Anayefika hapo hukuta uwanja wenye sanamu za viongozi wa Wangoni, kaburi la pamoja, na mnara ulioandikwa majina ya waliozikwa humo. Kila mwaka, mwezi Februari, wazee wa Kingoni hukusanyika katika mavazi yao ya vita, ngao na rungu mkononi, na kumbukumbu hufikia kilele chake tarehe 27.

Ninawaomba tuyatazame kwa makini hayo majina. Aliyewanyonga watu wale aliwaandika katika orodha ya wahalifu. Mnara wa Songea umeandika majina yale yale, lakini orodha imegeuka maana yake. Kilichobadilika ni nani anayeisoma. Orodha ikisomwa na mwenye boma, ni hukumu. Ikisomwa na wajukuu, ni ukoo.

Hapa nilipo Marekani upo mfano unaofanana na huu kwa kiasi cha kushangaza. Mwaka 1862, katika jimbo la Minnesota, Wahindi Wekundu wa kabila la Dakota waliingia vitani na walowezi. Walikuwa wameuza ardhi yao kwa mikataba, malipo waliyoahidiwa yakachelewa, na njaa ikawa imeingia katika mahema yao. Mamia ya walowezi waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto. Vita vilipokwisha, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo wanaume 303, baadhi yao katika kesi zilizochukua dakika chache tu. Orodha hiyo ililetwa hapa Washington, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka ninapoishi, mezani kwa Rais Abraham Lincoln. Lincoln aliipunguza, akayaandika kwa mkono wake majina ya watu 39. Mmoja wao aliahirishiwa adhabu, na tarehe 26 Desemba 1862, katika mji wa Mankato, watu 38 wakanyongwa kwa pamoja juu ya jukwaa moja. Hadi leo hakuna tukio jingine katika historia ya Marekani ambapo watu wengi kiasi hicho walinyongwa kwa wakati mmoja.

Wao nao walitupwa katika kaburi la pamoja, kando ya mto. Na usiku ule ule miili yao ilifukuliwa na madaktari waliotaka maiti za kujifunzia. Mmoja wa madaktari hao alikuwa William Mayo, ambaye familia yake ndiyo iliyokuja kuanzisha hospitali mashuhuri duniani ya Mayo. Mwaka 1912 wakazi wa Mankato waliweka jiwe la kujivunia, lililotangaza tu kwamba hapo walinyongwa Wahindi 38. Jiwe hilo halikuwa na jina hata moja, bali idadi tu. Liliondolewa mwaka 1971. Baadaye mahali hapo pakatengenezwa bustani iliyopewa jina la Maridhiano, ikawekwa sanamu ya nyati, na mwaka 2012, ilipotimia miaka 150, ukasimamishwa mnara wenye majina ya wote 38. Tangu mwaka 2005, kwa miaka mingi, Wadakota walisafiri kwa farasi katikati ya majira ya baridi kali, mamia ya kilomita, ili wafike Mankato tarehe 26 Desemba na kuyasikia majina hayo yakisomwa. Nayo hospitali ya Mayo, mwaka 2018, iliomba radhi kwa kilichotendwa na mwanzilishi wake.

Mnaona, wapenzi wasikilizaji, jinsi Mankato na Songea zilivyopita njia moja. Kwanza kitanzi, kisha kaburi lisilo na jina, kisha kimya, na mwishoni majina. Zote mbili zilipata utata ule ule pia, kwani walionyongwa walitoka katika upande ambao nao ulimwaga damu. Bustani ya kumbukumbu haisemi kwamba kila aliyelala pale alikuwa malaika. Inasema kwamba alikuwa mtu, alikuwa na jina, na hukumu iliyomwua haikuwa haki.

(Muziki)

Lakini ipo tofauti moja, na hapa ndipo penye uchungu. Huko Songea, mambo hayajakamilika.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Aliyatembelea makumbusho, akaweka ua katika kaburi, akakutana na kizazi cha nduna Songea Mbano. Akiwa hapo aliinama mbele ya wahanga, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wa Songea, na akaahidi kwamba Ujerumani itasaidia kukitafuta kichwa cha nduna. Ilikuwa imepita miaka 117 tangu siku ya vitanzi.

Kukitafuta si kazi rahisi. Wakati wa ukoloni, mafuvu ya Waafrika yalisafirishwa kwa maelfu kwenda Ujerumani, yakawekwa katika majumba ya makumbusho, vyuo vikuu na hospitali, kwa ajili ya ile iliyoitwa elimu ya mbari, elimu ambayo leo hakuna mwanasayansi wa kweli anayeitetea. Kumbukumbu zilizoandamana na mafuvu hayo mara nyingi zilitaja eneo tu, bila jina la mtu. Mjini Berlin, watafiti wamechunguza mafuvu yapatayo 1,100 yaliyotoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mwezi Septemba 2023 walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewezesha kupatikana kwa jamaa walio hai wa baadhi ya watu hao, huko Kilimanjaro. Mmoja wao alikuwa mshauri wa Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani pamoja na viongozi wengine mwezi Machi 1900. Ukoo wa Mangi Meli mwenyewe umekuwa ukikitafuta kichwa chake kwa miongo mingi, lakini fuvu lake halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa wakati huo.

Kwa hiyo tunajua kwamba jambo hilo linawezekana, na tunajua pia kwamba halina hakika. Msamaha ukiombwa, ni vema, kwani muungwana ni vitendo, na kitendo cha kwanza ni kukiri. Lakini jamaa wa nduna Songea hawakuomba maneno peke yake. Katika mila za watu wengi wa Afrika, maiti isiyozikwa kamili ni msiba ambao matanga yake hayajaanuliwa. Watoto huzaliwa ndani ya matanga hayo, huzeeka ndani yake, na huwarithisha wajukuu.

Basi, kwa kijana wetu aliyeuliza, jibu langu ni hili. Mahali pale palikusudiwa kuwa pa aibu. Aliyepakusudia hivyo alikuwa na bunduki, boma na kitanzi. Kilichopageuza kuwa pa heshima ni watu waliorudi pale mwaka baada ya mwaka, wakayataja majina kwa sauti mpaka hofu ikachoka. Bibi yako hakukosea kunyamaza. Zama zake zilimfundisha hivyo. Zama zako zinakuruhusu kusema. Ukijaliwa kurudi nyumbani, nenda pale mnarani, usome majina yote, la kwanza hadi la mwisho. Na ukifika kwenye kaburi lile la peke yake, kumbuka kwamba kuna kazi iliyobaki.

Wapenzi wasikilizaji, wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Maji ya Kinjikitile hayakuzuia risasi. Lakini damu iliyomwagika Songea imewaleta watu pamoja kila Februari kwa miaka mingi, na hilo ni jambo ambalo boma halikulitarajia.